Uzi: Mfumo wa siasa ndio unaozaa ufisadi, au ufisadi unajichagulia mfumo?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu salaam.

Wiki nzima nabishana na jamaa mmoja kazini. Yeye anashikilia kwamba nchi maskini haihitaji kura, inahitaji mtu mmoja wa kuikaba koo. Kila nikifungua mdomo ananitajia Singapore. Jana nikamtajia Zaire: Mobutu alitawala miaka 32, 1965 hadi 1997, waliompinga hadharani walikiona cha moto, na alichotuachia ni uwanja wa ndege wa Gbadolite, kijijini kwao, wenye njia ndefu ya kutua Concorde, huku barabara za nchi zikirudi kuwa pori. Jamaa akanijibu, "Huyo hakuwa na mkono wa chuma, alikuwa na mkono mrefu." Ofisi nzima ikacheka na mimi nikacheka, lakini nikabaki sina jibu.

Sasa nauliza. Ni mfumo upi hasa unaopunguza upigaji na kuacha uchumi ukue? Chama kimoja, vyama vingi, rais mwenye nguvu, bunge lenye nguvu? Au tunapoteza muda, mfumo hauna kazi?

Sharti moja tu: tusilete vyama vya nyumbani. Uzi wangu wa mwisho ulifungwa ukurasa wa pili.

#2 Mtazamaji Mkuu
Wajuvi wanakuja. Mimi nimeshakaa mbele.

#3 Nahodha77
Mkuu, jamaa yako anaijua Singapore ya kwenye video za motisha.

Kile chombo chao cha kupambana na rushwa, CPIB, kilianzishwa na Waingereza mwaka 1952. Lee Kuan Yew aliingia uwaziri mkuu 1959, akakikuta. Alichofanya ni kukipa meno: sheria ya 1960 ikaruhusu mahakama kutazama mali ambayo mtumishi hawezi kueleza kaipataje, na ikahesabika kama sehemu ya ushahidi dhidi yake. Halafu wakaiacha sheria ipande juu. Mwaka 1986 waziri wa maendeleo ya taifa, Teh Cheang Wan, rafiki wa mkubwa kabisa, alichunguzwa kama mtu yeyote, akajiua kabla ya kufikishwa mahakamani. Juzi tu, 2024, waziri mwingine, Iswaran, kafungwa miezi 12, na sehemu kubwa ya kesi ni zawadi alizopokea akiwa madarakani.

Kwa hiyo tusiangalie nani kakaba koo nani. Tuangalie kama koo la waziri nalo linakabika.

#4 Chuma Chakavu
Nahodha umeeleza vizuri lakini umeruka swali. Nani alimlazimisha Lee? Hakuna. Siku ile angeamua kumwokoa rafiki yake, nani angemzuia? Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mfumo wa mtu mmoja ni kamari. Ukipata Lee mmoja unapata pia Mobutu, Duvalier wa Haiti, Marcos wa Ufilipino, na Bokassa wa Afrika ya Kati aliyejitawaza mfalme mkuu mwaka 1977 kwenye nchi isiyo na barabara. Mnahesabu waliofika ng'ambo tu, waliozama hamuwahesabu.

#5 Mjukuu wa Mtemi
Chuma Chakavu, na demokrasia ni kamari pia. Unapiga kura halafu unaomba Mungu.

#6 Chuma Chakavu
Tofauti ni kwamba hii ya pili unaruhusiwa kucheza tena.

#7 binti_hesabu
Kabla hamjaanza kurushiana nchi, kumbukeni tunapima kitu kinachojificha. Ile fahirisi ya rushwa ya shirika la Transparency International inayotoka kila mwaka tangu 1995 haipimi fedha zilizoibwa. Inapima mitazamo ya wataalamu na wafanyabiashara. Na njia ya kukokotoa ilibadilishwa 2012, kwa hiyo mtu akikuletea alama za 2005 akazilinganisha na za 2020, mrudishe darasani.

Tukikubali kasoro hizo, picha inayojirudia si mstari ulionyooka. Nchi zilizozoea kupiga kura kwa vizazi ndizo huwa safi zaidi. Zilizoanza juzi, zenye uchaguzi lakini hazina mahakama wala wakaguzi wenye nguvu, mara nyingi zinachafuka kuliko hata baadhi ya tawala za mabavu. Kwa hiyo unaweza kutoka udikteta ukaenda kwenye kura, ukaona rushwa inapanda, ukasema "afadhali yule bwana." Watu wengi wanasema hivyo na hawadanganyi. Wameonja nusu ya dawa.

#8 Mjukuu wa Mtemi
Nusu ya dawa kwa miaka thelathini, dada? Hiyo si dozi tena.

#9 Lori la Pili
Mimi si msomi wa siasa, nimefanya kazi ya uwakala wa forodha miaka kumi na moja. Niwape ya mezani.

Bandari niliyoanzia kazi (sitaji nchi) ilikuwa na bwana mmoja. Ukimwona huyo, mzigo unatoka. Wa chini yake wote wanajua umeshaonana naye, hakuna anayekugusa. Ilikuwa dhambi, lakini ilikuwa dhambi yenye ratiba. Kisha likaja fagio, bwana akaondolewa, tukashangilia. Miezi mitatu baadaye jalada la mzigo mmoja linapita meza saba, na kila meza ina njaa yake. Kuna mzee alikuwa akiona jalada lako anafungua droo, anaweka muhuri ndani, anafunga, anakuambia muhuri haupo. Ufunguo ameushika mkononi, unauona.

Jumla tuliyokuwa tunatoa ikazidi ile ya bwana mmoja. Na mzigo unakaa.

Kwa hiyo mkiuliza mfumo, mimi nauliza: meza ngapi?

#10 Nahodha77
Lori la Pili, hiyo ya kwako imepimwa kabisa. Aceh, Indonesia, baada ya mkataba wa amani wa 2005, watafiti walipandisha wasaidizi wao kwenye malori, wakakaa na dereva, wakaandika kila noti iliyotoka dirishani kwenda kwa askari na kwenye mizani. Safari 304, malipo ya magendo zaidi ya 6,000. Piga hesabu, ni kama 20 kwa safari. Jeshi lilipokuwa linaondoka na vizuizi vyake kupungua, wale waliobaki barabarani walipandisha bei. Kila mmoja alijua dereva sasa ana nafuu, akaivuta upande wake.

Na hiyo ndiyo hadithi nzima ya Indonesia. Suharto alikaa tangu 1965 hadi 1998, familia yake ikiwa na hisa karibu kila mahali, na bado uchumi ulikua kwa wastani wa asilimia 7 hivi kwa mwaka. Mfanyabiashara alijua analipa wapi, kiasi gani, na akishalipa anapata alichoahidiwa.

#11 Pasi na Shaka
Sahihisho dogo. Suharto hakushika nchi 1965. Ile ni mwaka wa jaribio la mapinduzi. Rais Sukarno alimkabidhi mamlaka Machi 1966, akawa kaimu rais 1967, rais kamili 1968. Kuondoka ni Mei 1998, hapo uko sawa.

Na usiishie kwenye asilimia 7. Mwaka 1998 pekee uchumi wao uliporomoka kwa asilimia 13 hivi. Benki zilikuwa zimewakopesha watoto na marafiki wa mkubwa, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuwadai. Ufisadi wenye ratiba hukulipa vizuri mpaka siku mwenye ratiba anapougua.

#12 Nahodha77
Asante, nimerekebisha kichwani. Kuhusu 1998 sibishi, ila tusisahau moto ulianzia Thailand 1997, na Korea Kusini nayo iliungua.

#13 Mama Risiti
Nimesoma kimya, niongeze ya kwangu. Mimi ni mkaguzi wa ndani, taasisi siitaji.

Kanuni inasema kila manunuzi madogo yawe na profoma (hati za bei) tatu kutoka kampuni tatu tofauti, achukuliwe wa bei ya chini. Kanuni nzuri sana. Siku moja naletewa vocha ya vifaa vya ofisi, profoma tatu zimebanwa nyuma. Kampuni tatu, mitaa mitatu, mihuri mitatu, moja wa bluu, mmoja wa zambarau, mmoja umekwenda upande kama uliogongwa kwa haraka. Nikapitisha macho. Ya kwanza imeandika "kamalu za wino." Nikacheka, nikadhani mchapaji kachoka. Ya pili: "kamalu za wino." Ya tatu: "kamalu."

Nchi ile wakati huo ilikuwa na vyama vingi, bunge, tume ya kupambana na rushwa, na ukurasa wa sheria ya manunuzi umebandikwa ukutani kwangu. Kamalu zilipita chini ya vyote hivyo.

#14 Mtazamaji Mkuu
Kamalu 😂😂😂 Ikawaje?

#15 Lori la Pili
Ikawaje mama?

#16 Mwalimu wa Zamu
Mnahangaika na vyama na marais, mimi natazama serikali inapata wapi hela. Serikali inayokula kodi ya watu lazima iwabembeleze watu, kwa sababu wakigoma haina mshahara. Serikali inayokula bomba la mafuta haimhitaji mtu yeyote zaidi ya mlinzi wa bomba.

Guinea ya Ikweta: Obiang yuko madarakani tangu 1979, mafuta yakaanza kutiririka miaka ya tisini, na mtoto wake, makamu wa rais, amepatikana na hatia mahakamani Paris mwaka 2017 kwa majumba na magari aliyonunua huko. Wananchi wamebaki vile vile. Venezuela ilikuwa na kura na vyama vinavyopokezana tangu 1958, mafuta tele, na bado iliporomoka. Kwa hiyo udikteta na demokrasia wote wamefia kwenye bomba moja.

#17 Chuma Chakavu
Na Norway?

#18 Mwalimu wa Zamu
Norway ilipata mafuta mwishoni mwa 1969. Ilikuwa tayari ina mahakama, magazeti, na watumishi wanaoajiriwa kwa sifa. Mafuta yaliikuta nyumba ina milango.

#19 Kalamu Kavu
Mwalimu, basi hapo umerudi kwenye mfumo. Milango ndiyo mfumo.

#20 Mwalimu wa Zamu
Umenishika. Lakini nani aliitia milango, kura au miaka mia mbili?

#21 Mjukuu wa Mtemi
Botswana ndiyo inawavuruga wote humu. Almasi zilikuwepo kabla ya uhuru, Waingereza wakaondoka wakaziacha, na wakubwa hawakuzila.

#22 Pasi na Shaka
Hapana mkuu. Uhuru ni 1966, na mgodi wa Orapa uligunduliwa 1967. Waingereza waliondoka wakidhani wanaacha jangwa na ng'ombe. Nchi nzima ilikuwa na kilomita kama 12 za lami.

Kinachonivutia mimi ni hiki: Orapa iko kwenye ardhi ya Wangwato, na Seretse Khama, rais wa kwanza, alikuwa mrithi wa uchifu wa Wangwato hao hao. Angeweza kusema ni za ukoo. Sheria ya mwaka 1967 ikaweka madini yote mikononi mwa taifa. Kisha wakapigana na kampuni ya almasi ya De Beers hadi wakafika nusu kwa nusu.

Na kwa wale wa "vyama vipokezane": chama kimoja kilishinda kila uchaguzi kuanzia uhuru, hadi Oktoba 2024 kilipoangushwa. Miaka 58. Uchaguzi ulikuwa wa kweli, upinzani ulikuwepo, magazeti yalikuwepo, ila mshindi alikuwa yule yule. Muweke kwenye kabati gani huyo?

#23 Chuma Chakavu
Kabati la watu waliojua wanaweza kushindwa. Hiyo inatosha. Si lazima ushindwe, ni lazima ulale ukijua inawezekana.

#24 Nahodha77
Nakazia, ila na wao walipata kashfa mapema miaka ya tisini, za ardhi na mikopo ya benki ya umma, ndiyo maana wakaunda chombo chao cha kupambana na rushwa mwaka 1994. Tusiwafanye malaika.

#25 Bwana Shauri
Niulize kitu ambacho wote mnakikwepa. Mbona wengine wameiba na wamekua? Marekani ya karne ya 19. New York chini ya Boss Tweed, bosi wa siasa za mji ule, walijenga mahakama iliyokula karibu mara mbili ya hela iliyonunua Alaska yote, na Alaska ilinunuliwa dola milioni 7.2 mwaka 1867. Na huo ndio wakati Marekani inajenga reli na viwanda kwa kasi ambayo dunia haikuwahi kuiona.

Korea Kusini hivyo hivyo. Park Chung-hee alichukua nchi kwa jeshi 1961, akawakamata matajiri kwa kosa la mali haramu, kisha akawaachia kwa sharti la kujenga viwanda. Waliomfuata walikusanya michango ya makampuni kwenye akaunti za siri, Chun na Roh wakahukumiwa 1996. Humo katikati nchi ikatoka kuuza nywele za mawigi ikafika kwenye meli.

China nayo tangu 1978. Mnakumbuka Zhou Yongkang, mkuu wa usalama wote? Kifungo cha maisha 2015. Hakuiba kwenye nchi iliyodumaa, aliiba kwenye nchi iliyokuwa inakimbia.

#26 binti_hesabu
Bwana Shauri, swali zuri kuliko yote ya ukurasa huu. Jibu langu (si la mwisho): angalia hongo inanunua nini. Kuna hongo ya kuruka foleni, kuna hongo ya kupata mkataba wa kujenga kitu, na kuna kuchota hazina na kupeleka nje. Ya tatu inaua moja kwa moja. Ya pili inaweza kuishi na ukuaji kwa muda mrefu, kwa sababu mla rushwa naye anataka daraja lijengwe, la sivyo asilimia yake itatoka wapi?

Korea iliongeza kitu kimoja muhimu: mkopo wa bei nafuu ulitegemea umeuza kiasi gani nje. Afisa wa wizara unaweza kumhonga. Mnunuzi wa nje hahongwi anunue shati bovu.

#27 Bwana Shauri
"Mnunuzi wa nje hahongwi anunue shati bovu." Hii naiandika ukutani, dada.

#28 Kalamu Kavu
Lakini Marekani haikubaki kwa kina Tweed. Nini kiliwatoa?

#29 Pasi na Shaka
Tweed alitolewa na magazeti na vibonzo, akahukumiwa 1873. Lakini ajira za serikali ziliendelea kugawiwa kama posho za ushindi hadi 1881, Rais Garfield alipopigwa risasi na mtu aliyeona ananyimwa cheo baada ya kupiga kampeni. Sheria ya Pendleton ikapita 1883, baadhi ya nafasi zikaanza kutolewa kwa mitihani. Na hata hapo ilianza na sehemu ndogo tu ya watumishi. Mabadiliko yaliletwa na maiti ya rais, wala haikuwa hekima ya mtu.

#30 Shangazi Mkali
Mmeandika sana, hamjagusa tabia. Rushwa ni malezi! New York, mabalozi wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kinga, wanaegesha magari popote, faini hawadaiwi. Sheria moja, mji mmoja, mfumo mmoja. Wanorwe na Waswidi hawakuacha deni hata moja. Nchi nyingine madeni yalirundikana kwa mamia kwa kila mwanadiplomasia, Kuwait ikiongoza. Kila mtu alibeba nyumbani kwake akaenda nako New York. Mfumo gani hapo?

#31 Chuma Chakavu
Shangazi shikamoo, lakini umekata hadithi katikati. Mwaka 2002 jiji likapewa uwezo wa kung'oa namba za magari ya wadaiwa sugu. Madeni mapya yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 90. Malezi yale yale, mabalozi wale wale.

#32 Shangazi Mkali
Marahaba. Basi wote tuko sahihi, na mimi nilikuwa sahihi kwanza.

#33 Lori la Pili
Shangazi hapoteagi.

#34 Nahodha77
Kwenye hili la kung'oa namba, Hong Kong ni mfano wangu. Koloni, hakuna kura ya maana, polisi wamejaa hongo. Mwaka 1973 afisa mkubwa wa polisi, Peter Godber, akiwa chini ya uchunguzi, alipita uwanja wa ndege kwa kitambulisho chake cha kazi akapanda ndege kwenda Uingereza. Watu wakajaa barabarani. Februari 1974 ikaundwa ICAC, tume ya kupambana na rushwa isiyo chini ya polisi. Mwaka 1975 wakamrudisha Godber, akafungwa.

Halafu sehemu ambayo watu hawaipendi: 1977 polisi walivamia ofisi za ICAC, na gavana akalazimika kusamehe makosa mengi ya kabla ya mwaka huo. Wachafu wengi walibaki kazini na mishahara yao. Na bado mji ulisafika.

#35 Chuma Chakavu
Georgia (ile nchi, si jimbo la Marekani) walifanya kinyume. 2004, baada ya Mapinduzi ya Waridi, Rais Saakashvili akafukuza trafiki wote kwa mkupuo, maelfu, akaajiri vijana wapya kwa mshahara bora na kuwajengea vituo vya vioo ili mtu akipita aone ndani. Hongo za barabarani zikafa karibu usiku mmoja. Lakini mamlaka yote yakarundikana juu, na mwaka 2012 video za mateso gerezani zikachangia chama chake kuangushwa kwenye uchaguzi. Vituo vilikuwa vya vioo, magereza hayakuwa.

#36 Mjukuu wa Mtemi
Chuma leo umeamka na kalamu.

#37 Mzalendo Kimya
Uganda mnaisahau. Miaka ya tisini ruzuku za shule za msingi zilifika kwa asilimia 20 tu, zikaanza kutangazwa magazetini kila wilaya imepelekewa kiasi gani, walimu wakuu wakasoma, wakaenda kuuliza zao. Zikapanda hadi zaidi ya asilimia 80. Hakuna aliyebadilisha katiba.

#38 Pasi na Shaka
Ilikuwa mbaya zaidi ya hapo: asilimia 13 kati ya 1991 na 1995, na shule nyingi hazikupata chochote. Ila gazeti lisipewe sifa zote, kipindi hicho hicho hazina ilibadilisha namna ya kutuma fedha na usimamizi ukaongezeka. Wachumi wanabishana mpaka leo kipi kilifanya kazi.

#39 Bwana Shauri
Magazeti yana nguvu, ndiyo maana yananunuliwa. Peru ya Fujimori ilikuwa na bunge, mahakama, upinzani, televisheni binafsi, kila kitu cha kwenye kitabu. Bwana wa usalama, Montesinos, alivihonga vyote na kujirekodi kwa video akihonga. Alitunza mikataba na risiti! Na zile risiti zinaonyesha wenye televisheni walilipwa mara nyingi zaidi ya majaji na wabunge. Jaji alikuwa rahisi. Chaneli moja ndogo ya kebo hakuinunua, nadhani aliidharau, na ndiyo iliyorusha video ya mbunge akipokea dola 15,000 Septemba 2000. Novemba Fujimori akajiuzulu kwa faksi akiwa Japani.

Ukitaka kujua ni mlango gani unaogopwa na mwizi, angalia kaweka hela wapi.

#40 Mama Risiti
Risiti! Mungu ambariki Montesinos kwa hilo moja tu. Mimi wa kwangu walikuwa hawaweki.

#41 Mtazamaji Mkuu
Mama hujajibu ya kamalu.

#42 Lori la Pili
Niongeze kidogo kuhusu kura, kwa sababu watu wanaziongelea kama ni bure. Mjomba wangu aligombea nafasi ndogo tu ya uwakilishi. Mtu mwadilifu, na nasema hivyo nikimjua. Mabango, mafuta ya magari, vijana wa kuzunguka, mawakala wa vituo, kila kitu hela. Akakopa kwa mkandarasi mmoja wa jirani. Alishinda. Usiku wa ushindi yule mkandarasi alikuja kumpongeza, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, hakusema neno la deni, akanywa maji, akaondoka. Mjomba hakulala. Mwaka wa pili barabara ya kata ikatangazwa zabuni, nadhani mnajua aliyeshinda.

Sasa huyo ni mfisadi wa mfumo upi?

#43 Mzalendo Kimya
Daa. Ile ya kukaa karibu na mlango.

#44 binti_hesabu
Kuhusu barabara: Indonesia tena, zaidi ya vijiji 600 vinajengewa barabara. Baadhi wakaambiwa mtakaguliwa kwa hakika, wengine wakaachwa na uwezekano wa asilimia 4. Barabara zikiisha wahandisi wakaja, wakachimba vipande vya barabara yenyewe, wakapima kokoto na mchanga, wakalinganisha na kilichoandikwa. Penye uhakika wa ukaguzi, upotevu ulishuka kwa pointi 8 za asilimia. Kualika wanakijiji kwenye mikutano kulisaidia kidogo sana.

#45 Chuma Chakavu
Kwa hiyo mkaguzi kutoka juu kashinda demokrasia ya kijijini. Jamaa wa Kalamu Kavu atafurahi.

#46 binti_hesabu
Usiharakishe. Ukaguzi ulifanywa na wakaguzi wa serikali ambayo wakati huo ilikuwa imeanza kuogopa kura. Miaka ya Suharto nani angechimba barabara yake?

#47 Kalamu Kavu
Wakuu, nimemchapishia jamaa ukurasa wa kwanza, kausoma wakati wa mapumziko. Kasema Singapore imebaki pale pale na nyie mmeongeza malori tu. Alipofika kwa Lori la Pili, penye mzee na droo, akanyamaza. Akaniambia aliwahi kukaa upande wa pili wa meza ya namna ile, mwaka mmoja, kabla hajaja kwetu. Hakuendelea na sikumuuliza.

#48 Lori la Pili
Mwambie salaam zake. Na muulize muhuri ulikuwa wapi.

#49 Shangazi Mkali
Mwacheni, ameshasema.

#50 Mama Risiti
Haya mnaodai kamalu. Niliandika hoja ya ukaguzi, nikaambatisha nakala tatu, nikazungushia neno kwa wino mwekundu. Mkuu wa idara akaniita, akanishukuru kwa umakini, akasema litafanyiwa kazi. Na kweli lilifanyiwa kazi. Robo iliyofuata zikaja profoma tatu mpya. Moja imeandika "kamalu." Ya pili "kalumu." Ya tatu haina kosa hata moja, na bei yake ilikuwa ya chini.